Vitabu Vinataja Mti, Vinasahau Moto

Sentensi iliyoniunguza ilikuwa na maneno 10: "Majivu ya maganda ya kunde na samli: kidonda, choa, magaga." Basi, hiyo tu. Niliikuta kwenye PDF iliyokuwa ikizunguka WhatsApp, isiyo na mwandishi wala tarehe, orodha ndefu ya dawa za mababu. Hebu isome tena polepole. Ina majina ya vitu na majina ya magonjwa, na katikati yake nukta mbili. Haina kitenzi hata kimoja.

Vitenzi nilivijaza mwenyewe. Nilikuwa na kidonda kwenye muundi, nilianguka na boda, na kilikuwa kinakataa kukauka. Mfukoni sikuwa na kitu. Nyumbani kwetu ni Siakago, Mbeere, kule chini Embu ambako kunde na ndengu ni chakula cha kila siku, kwa hiyo maganda ya kunde yalinipa imani. Nikaagiza mfuko mzima uje na matatu. Nikayachoma kwenye jiko la makaa nyuma ya ploti, nikatia majivu kwenye sufuria na maji kidogo, nikachemsha mpaka yakawa uji mzito. Niliwaza kwamba dawa kali ndiyo dawa. Nikakoroga na samli ya supamaketi, nikapaka, nikafunga na karatasi ya plastiki, nikalala.

Asubuhi ngozi ilikuwa nyeupe na laini kama sabuni iliyolowa. Kufikia jioni ilikuwa nyeusi. Muuguzi aliyenipokea aliweka mguu wangu chini ya mfereji na kuuacha hapo muda mrefu kabla hata hajauliza jina langu. Kisha akauliza, "Uliweka nini?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Akasema majivu yanaunguza kama moto, tofauti ni kwamba moto unajua saa ile ile kwamba unaungua.

Kosa ni langu, silipeleki kwa mtu. Lakini mimi ni msomaji kwa kazi, na msomaji akiunguzwa na sentensi ana haki ya kuuliza sentensi hiyo imetoka wapi. Jibu nililolipata ni hili: ile PDF haikuanguka kutoka mbinguni. Ni mjukuu mtukutu wa vitabu vizuri sana. Ndivyo ninavyotaka tuvizungumzie, kwa heshima, lakini bila kuviogopa.

Kitabu cha kwanza kila mtu anakijua kwa jina. Mwaka 1976 John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa Medicinal Plants of East Africa, na toleo la tatu likaja mwaka 2009. Ni kazi ya maisha. Kila mmea una jina lake la kisayansi, majina yake katika lugha zetu, halafu matumizi. Cha pili hakijulikani sana mtaani lakini kinatuhusu sisi wa Embu zaidi: The Mbeere in Kenya cha Bernard Riley na David Brokensha, kilichotoka mwaka 1988 kwa majuzuu mawili. Juzuu la kwanza linahusu mabadiliko ya mazingira na maisha ya mashambani. La pili ni la mimea, utambulisho wake na matumizi yake.

Kwanza niseme kwa nini vitabu hivi vilipangwa hivyo, maana sababu ni nzuri. Jina la mti hubadilika ukivuka mto. Mti unaoitwa hivi Embu unaweza kuwa mwingine kabisa Meru, na mtu akichimba mzizi usio wenyewe anaweza kufa. Jina la Kilatini linafunga mlango huo. Linamwezesha mtu wa maabara Nairobi, au Tokyo, kujua kwamba mnazungumzia mmea mmoja. Bila kazi ya Kokwaro tungekuwa bado tunabishana ni mti gani. Hilo ni deni, na tulikubali.

Shida ni kwamba mpangilio wa kitabu ni hoja. Ukipanga maarifa kwa mti, unasema dawa ni mti. Kilichofanywa na mikono kinabaki mkiani, nusu sentensi baada ya majani na maua. Na majuzuu ya Riley na Brokensha yanaonyesha ufa huo kwa macho: watu wako juzuu la kwanza, mimea iko juzuu la pili. Sasa niambie, moto unaukuta wapi?

Majivu ndiyo yanayofichua ufa huu kuliko dawa nyingine yoyote. Jani lililochemshwa bado ni jani, na jina lake bado lina kazi. Lakini ukichoma mmea mpaka ukawa majivu, karibu kila kitu kilichoufanya kuwa mmea huo kimeenda na moshi. Kinachobaki ni madini: kalisi, potasiamu, na wenzake. Tia maji juu ya majivu na kaboneti ya potasiamu inayeyuka na kutoka nayo. Ndiyo maana maji ya majivu huteleza vidoleni: alkali inageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni, pole pole, ukiwa umesimama hapo. Ndiyo maana pia Waluhya wamechuja majivu ya mimea tangu zamani na kutumia maji yake kulainisha mrenda. Mimea hutofautiana kwa kiasi cha madini, sawa. Lakini ukishafika kwenye majivu, swali la "ni mti gani" linaanza kusinzia, na maswali mengine yanaamka. Yalichomwa mpaka rangi gani? Yalichujwa mara ngapi? Maji yalipunguzwa kiasi gani? Samli kiasi gani? Yakae kwenye ngozi muda gani? Mtu ataacha lini?

Kitabu kilichopangwa kwa mti hakina mahali pa kuweka maswali hayo. Si kwamba mwandishi ni mvivu. Kabati lenyewe halina droo hiyo.

Mtu atasema basi fasihi ina droo hiyo. Nami nilidhani hivyo. Nikarudi kwa Ngũgĩ, The River Between, mwaka 1965, pale Chege anapompeleka mwanawe Waiyaki kwenye msitu mtakatifu. Njiani mzee anasimama hapa na pale kumwonyesha mimea: hiki ni cha kidonda, kile ni cha tumbo. Ni mojawapo ya sehemu ninazozipenda katika riwaya zetu, na Ngũgĩ amepatia jambo moja kubwa ambalo vitabu vya mimea haviwezi: maarifa haya yalikuwa yakitembea. Yalitolewa kwa miguu, na mtu mmoja, kwa mtu mmoja, kwa sababu ya uhusiano wao. Lakini angalia pia wanavyopita haraka. Mzee anaonyesha, mtoto anaitikia, safari inaendelea. Hakuna anayewasha moto. Ngũgĩ hakuwa akiandika kitabu cha tiba, simdai hilo. Nasema tu kwamba hata tulipokuwa tukiandika kwa mapenzi, tuliandika orodha.

Nikiwa kitandani na mguu juu ya mto, niliandika "majivu na samli" kwenye simu, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. Embu haikutokea, wala Meru. Ilitokea India, ukurasa baada ya ukurasa. Kumbe Wahindi wana neno moja la chumvi ya majivu, kshara, na neno moja la samli, ghrita, na dawa nzima zinazoyaweka mawili hayo pamoja. Moja yao, ya mapokeo ya Charaka, huitwa Shatpala: vitu sita kwa vipimo sawa, zikiwemo pilipili ndefu na tangawizi, na cha sita ni chumvi ya majivu ya shayiri, vyote vikipikwa ndani ya samli. Hiyo ni ya kumeza.

Lakini kilichonifanya nikae wima ni Sushruta. Kitabu kinachobeba jina hilo kiliandikwa kwa Kisanskriti zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na sehemu yake ya kwanza ina sura nzima, ya 11, kuhusu majivu. Nilisoma tafsiri ya Kiingereza ya Kaviraj Kunja Lal Bhishagratna, iliyotoka Calcutta kati ya 1907 na 1916. Niliisoma kama mtu anayesoma barua aliyotakiwa kuipata wiki moja kabla.

Sura hiyo inaanza kwa kutenganisha: kuna majivu ya kunywa na majivu ya kupaka. Kabla ya mti wowote, mgawanyo huo. Kisha inachagua mti, inaukata vipande, inaupanga na mawe ya chokaa, inauwasha kwa mabua ya ufuta. Majivu yanatiwa maji mara sita ya kiasi chake, yanachujwa mara 21. Yanachemshwa taratibu mpaka yawe mekundu, maangavu na ya kuteleza. Hapo njia inagawanyika. Ukiishia hapo unapata dawa ya upole. Ukiongeza chokaa na kombe zilizochomwa unapata iliyo kali zaidi, na kemia ya shule inakubali: chokaa hugeuza kaboneti kuwa kitu kinachokula nyama. Daraja ni tatu, laini, ya kati na kali, na kila moja ina mtu wake.

Halafu inakuja sehemu ambayo ile PDF yangu haikuwa nayo. Sura inataja watu wasiopaswa kuguswa na dawa hii: mtoto, mzee, mjamzito, mtu dhaifu, hata mtu mwoga. Inasema ukishapaka uhesabu mpaka 100. Inasema mahali palipopakwa sawasawa huwa peusi. Inasema ukimaliza uzime kwa kitu kichachu, na inasimama kueleza kwa nini uchachu huzima ukali wa majivu. Na mwisho samli, kutuliza. Yaani samli ambayo mimi niliichanganya kama gundi, kule ina zamu yake na sababu yake.

Sisemi Sushruta alikuwa sahihi kwa kila kitu. Nasema kitu kimoja cha kihakiki: hiyo ni nathari inayobeba wajibu. Mwandishi anajua kwamba upande wa pili wa ukurasa kuna ngozi ya mtu. Kila hatua ina alama ya kukuambia umefika, na kuna hatua ya kuacha.

Na angalia kilichowezekana kwa sababu hiyo. India wana uzi wa dawa kwa ajili ya fistula ya njia ya haja kubwa. Uzi huo hupakwa utomvu, manjano na majivu ya Achyranthes aspera. Usitishwe na jina. Ni gugu lile linalonasa kwenye suruali ukipita kichochoro cha shamba, limejaa hata Kenya. Kwa kuwa utaratibu wa uzi huo umeandikwa hatua kwa hatua, Baraza la Utafiti wa Tiba la India liliweza kuuweka kwenye mizani. Jaribio lililochapishwa mwaka 1991 lililinganisha uzi na upasuaji. Uzi ulichukua muda mrefu zaidi kuponya, lakini ugonjwa uliwarudia watu wachache zaidi. Hayo ni majibu ya watu wazima. Hayasemi dawa za asili ni uchawi, wala hayasemi ni muujiza. Kitu kilichoandikwa kwa hatua kinaweza kupimwa na hata kushindwa. Kitu kilichoandikwa kwa jina tu kinaweza kuaminiwa au kudharauliwa, basi. Na tangu nikiwa mdogo nimewaona watu wetu wakifanya hayo mawili pekee.

Nilipoweza kukaa nilimpigia cucu. Mimi nina jina la guka, kwa hiyo cucu huniita mume wake.

"Mume wangu, nasikia umejichoma na kunde."

"Ndiyo, cucu."

"Uliyachuja?"

Nikanyamaza.

"Uliyaonja kwa ncha ya ulimi? Yalikuuma au yaliteleza? Samli ilikuwa ngapi kwa kijiko kimoja cha majivu? Na nani alikuambia ni ya kidonda kilicho wazi? Ile mimi nilikuwa nikipaka magaga, na mbuzi akiwa na ukoko. Kidonda kilicho wazi hakipewi majivu." Akapumua. "Ilipoanza kuwasha si ungetia uji uliochacha uoshe? Hata mtoto anajua."

Sikujua. Na simu ikiwa sikioni niliona mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mwanamke ambaye hajawahi kusikia neno Kisanskriti alikuwa amenipa, kwa dakika moja, muundo wa sura ya 11: chuja, jaribu, pima, chagua mtu, zima. Sisemi Wambeere wote hufanya hivyo. Nasema cucu wangu, na sentensi zake zote zilikuwa na vitenzi. La pili, miaka yote niliyokaa kwake sikuwahi kumuuliza. Nilisubiri nipate PDF.

Sasa, kuna hoja dhidi yangu, na si ndogo. Rafiki mmoja aliniambia, unataka kila hatua iandikwe ili iweje, kampuni ije ichukue? Labda wazee waliwapa watafiti majina wakaficha utaratibu kwa makusudi. Labda ule ukimya ni ua. Bunge letu lenyewe lilipitisha sheria mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na Katiba ya 2010 inaitaka serikali iyalinde. Hakuna anayejenga ua mahali ambapo hakuna mwizi.

Ninakubali kwamba mwenye maarifa ana haki ya kunyamaza. Lakini angalia ua huo umefanya nini hadi leo. Majina yote yameshatoka nje. Yako kwenye vitabu, yako kwenye PDF, yako kwenye video za vijana wenye sauti nzito wanaouza unga wa rangi ya kijivu. Kilichobaki ndani ni kipimo na onyo. Yaani gari limetoka, breki tumezifungia nyumbani. Mama mdogo wa Nairobi akisikia "majivu na samli ni ya kidonda" anaweza kuweka kwenye kitovu cha mtoto mchanga, na kitovu kilichotiwa majivu ni mlango wa pepopunda. Ukimya wa namna hiyo haumlindi mzee wala mtoto.

Na niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Cucu kujua hatua hakuthibitishi kwamba dawa yake inaponya. Huenda samli peke yake ingetosha kwa magaga. Huenda majivu ni mapambo. Na muuguzi alikuwa sahihi kuliko sisi sote: ngozi ikiguswa na alkali, maji mengi safi kwanza, uji baadaye au usiwepo kabisa. Lakini hata kumkosoa cucu kunahitaji hatua zake. Huwezi kupima samli yenye majivu dhidi ya samli tupu kama hujui ni majivu gani, yamechujwa vipi, kiasi gani. Orodha ya mimea haikupi hata kitu cha kubishana nacho.

Kwa hiyo kitabu ninachokitaka sasa si toleo la nne la orodha. Nakitaka kilichopangwa kwa kazi: sura ya kuchoma, sura ya kuchuja, sura ya kupika ndani ya mafuta, sura ya kuacha. Mti utajwe ndani yake kwa jina lake la Kilatini, Kokwaro ametufanyia hiyo kazi tayari. Kiwe kwa Kimbeere na Kiembu upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, kwa sababu aliyesema anapaswa kuweza kusomewa na kusema, hapana, hapo umekosea. Na jina lake likae kwenye jalada kama mwandishi. Kwenye shukrani, baada ya dereva, hapatoshi.

Desemba nilishuka Siakago na daftari. Mguu ulikuwa umepona, umeacha kovu la ukubwa wa shilingi 20. Cucu aliliangalia, akacheka, kisha akanipa chujio na debe la maganda. Siku mbili tulichoma na kuchuja, na kila alichofanya nilikiandika. Ukurasa wa kwanza una mmea mmoja na vitenzi 14. Mstari wa 15 hauna kitu. Nilipomuuliza anajuaje kwamba samli imekunywa majivu ya kutosha, alisema hilo halisemwi, nitaliona nikichuja mwenyewe mara ya tatu.

Nimechuja mara moja. Aprili narudi.